Gunia la Mjukuu

Mtaani kwetu kulikuwa na sikio lililolipwa mshahara. Sikio lenyewe lilikuwa la wifi yangu, mke wa kaka yangu, na mshahara ulitoka kwenye mashine ya kusaga unga iliyoko nyuma ya soko. Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni mwa mashine, mbele ya meza yenye mguu mmoja wa kuazima, na kupima makopa. Muhogo ukishamenywa, ukakatwa vipande na kuanikwa, ndiyo makopa hayo. Wifi alitoa kipande katika kila gunia lililoletwa, akakiweka karibu na shavu, akakivunja. Kilichokauka sawasawa hulia ka! kama mfupa wa kuku. Kisichokauka hunung'unika tu. Wifi akisikia mnung'uniko, gunia linarudi lilikotoka, hata kama limeletwa na mwenye nyumba wake.

Watu wakamwita Sikio, naye akaitika bila kununa. Mchana mmoja, na mkinibishia shauri yenu, alikuwa amejilaza kitandani kwake amechoka, jirani wa nyumba ya tatu akavunja kijiti cha kuwashia moto. Sikio akaropoka usingizini: "Kaanike tena!" Jirani akakianika. Mimi nilikiona kijiti hicho juani kwa macho yangu.

Gunia la kwanza alilolikataa katika kazi yake lilikuwa la mama yetu mzazi. Mama alirudi nyumbani amevimba kama chura, analaani, anasukuma viti. Kaka yangu alimsikiliza mpaka alipomaliza kulaani, kisha akauliza, "Huyo msichana ameolewa?"

"Muoe umlete hapa anikatalie na chumvi!" mama akafoka.

Akamuoa kweli. Na kwa sababu mapenzi hayana akili, akaenda kuomba kazi palepale mashineni, ya kushona midomo ya magunia yaliyokubaliwa. Alikuwa na shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na kamba ya katani begani. Yeye wakamwita Sindano. Sikio anapima, Sindano anashona, kutwa nzima, wanatazamana juu ya rundo la magunia kama wachumba walionyimwa mkeka. Kila alipofika mwisho wa mshono, kaka alikuwa akipiga fundo la duara lenye kishimo katikati, mfano wa sikio. Wachukuzi walidhani ni alama ya mashine. Ilikuwa utani wa mtu na mkewe.

Walizaa binti mmoja. Binti akakua, akaolewa mbali, huko ambako ukitaka kwenda unabadili gari mpaka unasahau ulikuwa unakwenda kwa nani. Siku habari zilipofika kwamba ana mimba, kaka alikuwa shambani kwake, kijishamba tu cha nyuma ya nyumba, anang'oa muhogo. Akasimama na jembe mkononi akamwambia mkewe, "Haya mavuno simuuzii mtu. Ni ya uji wa kwanza wa mjukuu wangu."

"Mtoto hajazaliwa, wewe umeshampikia," Sikio akamcheka.

"Wewe pima, mimi nishone. Maneno waachie wanaolipwa kwa maneno."

Kaka alimenya mwenyewe, akakata kwa mshazari kama alivyozoea, akaanika juu ya kichanja ili kuku na udongo visifike. Alikuwa akigeuza vipande kimoja kimoja, utadhani anawabadilisha watoto ubavu. Vilipolia ka! kila kimoja, mkewe akamwambia, "Yamekubaliwa, mzee, hata kama ni ya mume wangu." Kaka akajaza gunia moja, akalishona, akapiga lile fundo lake. Mvua zilipoanza akapatwa na homa. Haikumkawiza. Tulimzika huku jembe lake bado lina tope bichi, na mjukuu akazaliwa babu yake akiwa chini.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mwanamke mwenye sikio kuliko wote duniani alipopoteza masikio yote mawili.

Kama kuna mtu aliyejua namna ya kuweka makopa, alikuwa ni yeye. Aliwaimbia watu kila siku pale mezani: "Makopa yanataka kupumua. Yapandishe juu ya chaga, yaache mbali na ukuta, fungua dirisha. Ukiyabana yanatoka jasho, yakitoka jasho yanaota kuvu, na kuvu ikiota inaacha sumu." Sumu hiyo pale mashineni waliiita sumukuvu. Huioni. Huisikii kwenye ulimi. Ukiichemsha haifi, ukiiosha haitoki. Humla mtu ini polepole, kwa adabu, kama mgeni anayesema ameshiba huku anavuta sahani. Na mtoto mdogo humdumaza, asikue wala asinawiri, na mama yake akabaki kutafuta mchawi.

Yote hayo aliyajua. Lakini mume alipokufa, mashati yake matatu yalibaki yananing'inia kwenye misumari chumbani, na Sikio akafunga dirisha. Alifunga ili harufu ya mtu wake isitoke. Akaziba na matambara chini ya mlango. Kisha akalikumbuka gunia la mjukuu lililokuwa ukumbini juu ya chaga yake, akalivuta mpaka ndani, akalisimamisha upande wa kitanda alikokuwa akilala kaka, akalivika nailoni lisiingie vumbi. Mvua ikanyesha nje, ukuta ukatoa unyevu ndani. Akawa analala na gunia.

Nilimwambia, "Wifi, chumba hiki kimekuwa tumbo la nyangumi."

"Ndiyo harufu yake hiyo," akanijibu, na akavuta pumzi kama mtu anayekunywa maji baridi.

Mimi pia nilivuta. Yule alikuwa kaka yangu, tulinyonya ziwa moja. Nilisikia jasho, na katani, na kwa mbali kidogo kitu kama shimo la panya. Nikadhani ni panya.

Hakuwahi kulifungua gunia aangalie. Alisema mshono ule utakatwa siku mtoto anafika, si kabla, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kuushona tena. Jioni akitoka kazini alikuwa akipitisha kidole kwenye lile fundo, mara moja tu, kisha anakwenda kukoka moto. Nilimwona mara nyingi nikajifanya natafuta kiatu.

Basi binti akatuma salamu kwamba anakuja. Mtoto ameshakaa, anatamani chakula cha wakubwa, na mama mkwe huko anataka kuanza kumpa uji lakini yeye binti amekataa, kwamba uji wa kwanza uko kwa babu. Sikio aliposikia hayo alicheza peke yake uwani. Akafagia, akakwangua masufuria, halafu akaingia chumbani na kisu.

Mimi nilifika kesho yake nikamkuta yuko nyuma ya nyumba na brashi ya kusugulia nguo. Kichanja kizima kilikuwa kimejaa makopa. Alikuwa anachukua kipande, anasugua, anapuliza, anaweka juani. Unga wa kijani ulikuwa umemjaa mikononi mpaka viwiko. Mengine yalikuwa na madoa meusi, mengine manjano kama meno ya mvuta tumbaku.

"Wifi," nikasema.

"Ukungu kidogo tu. Wa juu juu."

"Wifi yangu."

"Nimeshaondoa mabaya. Haya ni mazima. Jua la siku mbili litayanyoosha. Sikiliza!" Akavunja kimoja. Ka! "Umesikia? Yanalia bado."

Kweli yalilia. Jua lilikuwa kali. Hata godoro lingelia.

"Si wiki hii tu ulimfukuza mwashi mlangoni?" nikamuuliza. Mwashi ni jirani yetu, anajenga kuta za watu zinanyooka, maneno yake hayanyooki. Alikuwa ameleta makopa yaliyosuguliwa hivyohivyo, na Sikio alimwambia mbele ya foleni, "Mwashi, umeniletea maiti aliyeoshwa."

"Ya mwashi yalikuwa ya mwashi," akasema, na hakuinua macho. "Haya ni ya mume wangu. Alimwahidi mtoto. Unataka mtoto aje alambe nini? Kaburi? Hatamjua babu yake kwa sauti, hatamjua kwa sura. Angalau basi amlishe. Mara moja tu, wifi. Kijiko kimoja tu kitoke mkononi kwake."

Na mimi nilitaka. Nilitaka kumwona kaka yangu akimlisha mtoto yule, hata kama ni kwa kupitia sufuria. Nikashika kipande kimoja. Ule mkato wa mshazari ulikuwa palepale, nikaupitisha kwenye shavu langu. Nikamtazama wifi yangu na brashi yake, nikajua maneno hayatamfikia. Masikio yake yalikuwa kazini, nyumbani yalikuwa likizo.

Basi ningemfuata hukohuko kazini.

Alipoingia ndani kutafuta maji nikajaza kikapu makopa ya kichanjani. Kwangu nikayavunjavunja vipande vidogo, ule mshazari usionekane. Asubuhi ambayo binti alitarajiwa kufika, nikajitanda vizuri, nikaenda kupanga foleni mashineni. Mbele yangu alikuwa mwashi na gunia lake jipya.

"Bibi, na wewe umeanza kulima?" akanichokoza. "Juzi si ulisema jembe linakuumiza kiuno?"

"Kiuno kimepona. Wewe angalia mdomo wako, huo ndio unaumwa."

"Angalia tu asikukatalie. Leo ana furaha, mjukuu anakuja. Labda hata mimi nitapita."

Akapita, kwa haki yake. Makopa yake ya safari hii yalikuwa meupe kama jicho la mtoto, ameyaanika juu ya paa lake. Sikio akavunja, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, na kijana aliyeirithi sindano ya kaka akalishona gunia. Fundo lake lilikuwa fundo tu.

"Anayefuata!" akaita Sikio. Huwa hatazami watu, hutazama mikono na mizigo. Akaona kikapu, akaona ni changu, akatabasamu. "Wifi! Makopa haya umeiba wapi?"

"Pima. Maneno waachie wanaolipwa kwa maneno," nikamwambia.

Hiyo kauli ilimgusa kidogo, nikaona. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea kazi. Akachukua kipande, akakivunja shavuni. Ka! Akainua nyusi. Nikadhani nimekwisha, sikio limeyapitisha. Lakini hakuwekwa pale kwa sikio peke yake. Akageuza ule uvunjo kwenye mwanga. Akanusa. Akachukua kingine kutoka chini ya kikapu, akakivunja, akanusa, akanisogezea puani.

"Unaona hizi nyuzi za kijivu katikati? Ni kuvu, ilishaingia mpaka kwenye kiini. Umesugua nje ukaanika upya. Wifi, wewe wa kunifanyia mimi hivi?"

"Yanalia lakini."

"Yatalia! Hata jeneza ukiligonga linalia. Unataka kumpa nani haya?"

"Mtoto mdogo."

Akasimama. Meza ikayumba kwa ule mguu wa kuazima. "Mtoto? Umerukwa na akili? Mtu mzima atakula leo asidhurike, atakula kesho asidhurike. Mtoto ini lake ni kama jani! Hata kuku usiwape. Mwaga. Mtoto wa nani huyo?"

"Wa binti yako," nikasema. "Haya nimeyatoa kichanjani kwako."

Foleni yote ilikuwa inacheka mpaka hapo. Hata mashine, naapa, ilisaga taratibu. Mwashi alikuwa na neno mdomoni, nililiona likiwa limekaa pale juu ya ulimi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalimeza.

Sikio akatazama kile kipande kilichokuwa mkononi. Akakiunganisha na kingine, kama anayejaribu kuunganisha sahani iliyovunjika, akakigeuza mpaka mkato ukaonekana. Hakulia. Akavirudisha kikapuni vyote viwili, akafuta mikono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimekuvua nailoni," nikasema.

Kwa mdomo huo nilistahili kofi, na hakunipiga. Akakisukuma kikapu upande wa vilivyokataliwa, akakaa. "Anayefuata!" akaita. Akapima gunia lililofuata, na lililofuata, mpaka foleni ikaisha, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Mchana nilipokwenda kwake binti alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uwani, amechoka kwa safari, na mtoto anatambaa anakula mchanga. Kichanja kilikuwa kitupu. Nikaona moshi unatoka jikoni.

"Mama anapika uji," binti akaniambia. "Shangazi, amefurahi mpaka hasemi."

Niliingia jikoni kama mwizi. Maji yalikuwa yanachemka. Sikio alikuwa amekaa kwenye kigoda, gunia la kaka mbele yake, limerudishiwa makopa yote, na mapajani ana bakuli la unga alioutwanga kwa mkono.

"Usiogope," akasema bila kugeuka. "Simpikii mtoto. Nilitaka nipike nile mimi. Nimalize gunia lote peke yangu, taratibu. Kisha nikaona maji yanachemka na mkono wangu hauendi."

"Kaka hakukushonea kaburi, wifi."

"Najua. Alinipa gunia zima, likiwa linalia vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyelioza." Akashika unga kwa ncha za vidole. "Nilifunga dirisha asiondoke. Na mashati yenyewe sasa yananuka kuvu. Leo nimeyanusa yote matatu. Yeye hayumo."

Nikakaa chini karibu naye. Tukayatazama maji mpaka yakapungua nusu sufuria.

Binti akaingia, mtoto kiunoni, akaona gunia, akaona rangi ya unga. Hakuhitaji kuelezwa, alikulia mezani pale mashineni. Akanipa mtoto, akachukua jembe.

Tulichimba kule mwisho wa kijishamba, shimo refu ili kuku wasifukue. Binti alichimba, Sikio akachimba, mimi nikasimamia kwa maneno. Makopa yakamwagwa, unga ukafuata na majivu juu yake. Likabaki gunia lenyewe. Sikio alilikung'uta, akalikunja, akalikumbatia, vumbi la kijani likampaka kifuani.

"Na hilo, mama," binti akasema kwa upole. "Kuvu imo kwenye nyuzi."

"Ningelifua."

"Ungemwambiaje mtu akikuuliza hivyo pale mezani?"

Akalitupa. Aligeuka kabla halijafika chini. Baadaye aliingia chumbani, tukasikia dirisha likigoma, likigoma, likafunguka kwa kishindo, na mashati matatu yakaenda kwenye beseni la sabuni. Hakutaka tumsaidie kuyafua.

Jioni mwashi akaja na bakuli la makopa kutoka lile gunia lake jipya. Hakutania. Alisema tu ni ya mgeni mdogo. Sikio akalipokea, akashukuru, akachukua kipande akakivunja palepale mlangoni mbele ya mwenye zawadi.

"Si uliyapima asubuhi!" mwashi akalalamika.

"Asubuhi yalikuwa mashineni. Yametembea njiani na wewe." Akanusa uvunjo. "Haya. Karibu ndani."

Tukatwanga, tukachekecha, Sikio akaupika uji akaukoroga mpaka ukalainika kama pumzi. Akampakata mtoto, akapuliza kijiko, akamwekea mdomoni. Wote tulikuwa tumeinama juu yake kama watu wanaotazama kisimani. Mtoto akaushika mdomoni. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akautoa wote, bila haraka, ukateremka kidevuni mpaka kwenye mkono wa bibi yake, akacheka kwa ufizi.

"Ala!" binti akasema. "Amekataa!"

"Babu yake naye hakupenda uji," akasema Sikio. "Miaka yote nilimpikia asubuhi. Anasema mtamu, mke wangu, mtamu sana. Nikigeuka tu anawamwagia kuku."

"Na ulijua?"

"Mimi ni kiziwi? Nilikuwa nawasikia wanavyodonoa. Mwingine alikuwa anapaliwa."

Tulicheka mpaka mwashi akashika nguzo. Sikio alicheka kuliko sote, mabega yanaruka, akampa binti mtoto, akachukua bakuli, akasema uji umepoa anakwenda kuupasha moto. Akaingia jikoni. Hatukusikia kijiko wala kifuniko. Mwashi akaaga kwa kunong'ona. Binti na mimi tulibaki pale mkekani tunampangusa mtoto kidevu, taratibu, kidevu ambacho kilikuwa kimeshakauka zamani.